Joto tunalolitupa vichochoroni ndilo tunalolinunua bafuni

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba viyoyozi vya hoteli ndivyo vinavyomaliza umeme wa Unguja, na akataka kila chenye kiyoyozi kitozwe kodi ya peke yake. Mimi ni fundi wa viyoyozi na majokofu. Kazi hii nimeianza mwaka 1989, kijana wa kubebeshwa mtungi wa gesi na kushikishwa spana, na leo baadhi ya niliowafundisha wanafundisha wenzao. Sikatai kwamba kiyoyozi kinakula umeme. Ninachokataa ni kukishitaki peke yake, ilhali yuko mlaji wa pili, hita ya maji, ambaye hakutajwa hata mara moja katika barua ile.

Nianze na jambo ambalo hata wenye hoteli niliowafanyia kazi miaka mingi hawakulijua. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachota joto lililomo chumbani na kwenda kulimwaga nje, kama vile mtu anayekumba maji kwenye ngalawa. Chukua kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), ndicho cha chumba cha kawaida cha mgeni. Kikifanya kazi kwa nguvu zake zote kinaondoa chumbani joto la kilowati 3 na nusu, na umeme unaoendesha kompresa yake, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza, kama kilowati moja, nao unageuka joto. Jumla kilowati 4 na nusu, zote zinapulizwa na feni ya mashine ya nje. Bomba la shaba linalotoka kwenye kompresa linafika nyuzi 70 na hata 80. Mkono wangu wa kulia una alama mbili za bomba hilo.

Sasa ingia bafuni kwa mgeni huyo huyo, upande wa pili wa ukuta. Utakuta hita inanunua umeme ili ipashe maji. Nje tumetupa joto bure, ndani tunalinunua kwa pesa, na mita ni moja.

Mimi nakaa Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, na mtu wa vichochoroni hahitaji kuelezwa kwa kilowati. Kichochoro chetu, mtu mzima akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Nyumba mbili zimegeuzwa za wageni, na mashine za nje zimetundikwa juu ya vichwa vyetu, tisa kwa hesabu yangu. Usiku wa kaskazi, Januari na Februari, ukipita pale unapigwa na upepo wa moto usoni, na matone ya maji mabegani. Ilikuwepo baraza pale ambayo wazee walikaa tangu mimi mtoto, wakinywa kahawa baada ya Isha. Walivumilia mwaka mmoja, kisha wakahama. Mmoja wao, ambaye mimi namwita baba, aliniuliza: "Wewe si ndiye fundi wake? Joto hili mnalipeleka wapi?" Swali lile nimelibeba hadi leo, na barua hii ni sehemu ya jawabu lake.

Lakini hesabu yenyewe nilijifunza gizani. Wazanzibari hatujasahau. Mwaka 2008 tulikaa kama mwezi mzima bila ya umeme baada ya hitilafu ya waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara. Tukadhani tumeshapata funzo. Tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii tulikaa hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Wakati ule nilikuwa fundi wa hoteli ya vyumba 24 pwani ya mashariki. Jenereta lilikuwa linakokota usiku na mchana, na dizeli ilikuwa ikipanda bei kila lori likija. Kila magharibi, wageni wakitoka baharini, jenereta lilikuwa likianza kuguruma kama linataka kuzimika. Mwenye hoteli akaniamuru nizime viyoyozi.

Kabla ya kuzima nilichukua mita ya kubana waya nikapima saketi moja moja. Hita za vyumbani zilikuwa 24, kila moja kilowati 1 na nusu, na saa kumi na mbili jioni karibu zote zilikuwa zinawaka kwa pamoja: kilowati 36. Viyoyozi 24 vyote, hata kama kila mgeni angewasha, visingefika kilowati 27. Nikampelekea mwenye hoteli karatasi. Tuliacha viyoyozi, tukazima hita, na jenereta likatulia. Wageni wakakoga maji ya tangini, ambayo kwa joto la Januari si baridi ya kuumiza mtu. Waliolalamika walikuwa wachache. Waliolalamika kwa haki walikuwa kina mama wa dobi, kwa sababu shuka lenye mafuta ya kujipaka jua halitakati kwa maji ya baridi, nao walikuwa wakilisugua hadi vidole vinachubuka.

Nikaanza kufanya majaribio kwa ajili yao. Nyuma ya dobi kulikuwa na mashine ya chumba cha baridi cha jikoni, kile cha samaki na nyama. Mashine ile, tofauti na kiyoyozi cha mgeni, haipumziki: usiku, mchana, masika, kipupwe. Jaribio langu la kwanza liliharibika na nalieleza kwa sababu najua kuna vijana watakaosoma hapa na kesho wakaingia kazini. Nilizungusha bomba la shaba ndani ya pipa la maji, nikapitisha gesi ya moto humo kabla ya kwenda kwenye kondensa, ile koili ya nje inayopulizwa na feni. Maji yalipata moto siku hiyo hiyo. Baada ya wiki saba kiungo kimoja nilichokichomelea kwa risasi laini kikaliwa na maji ya chumvi, gesi ikavuja, na mashine iliposimama maji yakanyonywa ndani ya bomba la gesi, na kompresa ikafa. Tulipoteza samaki wa siku mbili. Nilikwenda kuomba radhi kwa mkono wangu, na mwenye hoteli, Mungu amjaze kheri, akanipa ruhusa ya kujaribu mara ya pili.

Mara ya pili nilitumia koili ya kiwandani yenye kuta mbili: bomba ndani ya bomba, na kati yao nafasi ndogo inayotoka nje. Ukuta mmoja ukitoboka, unaona tone kabla gesi na maji havijakutana. Nilichomelea kwa fedha badala ya risasi. Gesi inatoka kwenye kompresa, inapita kwenye koili na kuyapa maji ule moto wake wa mwanzo, kisha inaendelea na njia yake ya kawaida kwenda kwenye kondensa. Tangi likishajaa moto, gesi inapita tu na joto lake linapulizwa nje kama zamani, kwa hivyo chumba cha baridi hakidhuriki. Tulifunga tangi la lita 500 lililovishwa sufi ya kuzuia joto. Asubuhi ya tatu nilimkuta mama mkuu wa dobi amesimama mbele ya bomba, mkono majini, kimya. Nyuzi 54, na hita ya dobi ilikuwa imezimwa tangu juzi.

Joto la viyoyozi halitoshi kulisemea peke yake, kwa sababu tuna jua. Na hapa nasikitika zaidi, kwani jua tumelijaribu, tukalifanya vibaya, kisha tukalisingizia jua. Zunguka Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani, utaona paneli za kupasha maji zilizokufa juu ya mapaa: vioo vimepauka, matangi yana kutu, mabomba yamekatwa. Nimepanda juu ya mengi ya mapaa hayo. Kinachoziua ni maji yetu. Kisiwa hiki ni cha mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na visima vya pwani vina chumvi juu ya chokaa. Ukiyapitisha maji hayo moja kwa moja ndani ya vijibomba vya paneli, chokaa inaganda ndani kama inavyoganda kwenye birika, hadi njia inaziba. Dawa ipo: maji ya paneli yazunguke peke yake, yakiwa masafi na yale yale siku zote, na yapashe maji ya kukogea kupitia ukuta wa tangi. Na ndani ya tangi kuna fimbo ya magnesiamu ambayo kazi yake ni kuliwa na chumvi ili tangi lisiliwe. Fimbo hiyo inataka kubadilishwa. Katika hoteli nilizopita, nimewakuta wakuu wa matengenezo ambao hawajui kuwa ipo.

Kosa jingine ni la uelekeo. Nimekuta paneli zimefungwa zikitazama kusini, barabara kabisa, kwa sababu kitabu cha maelekezo kilichapishwa Ulaya, na Ulaya jua liko kusini kwao. Sisi tuko nyuzi 6 kusini ya mstari wa ikweta. Kuanzia Machi hadi Oktoba jua letu la saa sita linapita upande wa kaskazini. Paneli ya Unguja inataka kutazama kaskazini, imeinama kidogo tu, nyuzi 10 au 15, kiasi cha maji ya moto kupanda yenyewe tangini na mvua kuosha kioo. Na tangi liwe juu ya paneli. Maji ya moto ni mepesi, yanapanda bila ya pampu. Ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake. Mtambo wa namna hii hauna kinachozunguka wala kinachopiga kelele. Nilimfungia binti yangu anayekaa Fuoni mwaka 2016, mita mbili za mraba na tangi la lita 150. Alipojifungua, mama yake alikwenda kumlea siku arobaini, na maji ya kumkanda mzazi yalitoka juu ya bati, jioni yakiwa na moto wa kutosha hata kupunguzwa. Mkaa ulibaki wa kuchemshia majani tu. Mke wangu alimkanda mtoto wake wa kwanza kwa kuni za mikoko. Anaijua tofauti kwa macho na kwa mgongo.

Makuti nayo ni tatizo la kweli, sitaki kulificha. Paa la makuti halibebi paneli, na hoteli zetu za pwani karibu zote zinapenda makuti. Lakini kila hoteli ina dobi, ina jiko, ina nyumba za wafanyakazi, na hizo zina bati au zege. Paneli zikae huko, na huko ndiko maji ya moto yanakotumika kwa wingi.

Uzuri wa mambo haya mawili ni kwamba yanapokezana. Jua linapasha mchana, na maji yake yanakuwa tayari magharibi, mgeni anapotoka baharini na mchanga mwilini. Viyoyozi vinafanya kazi usiku, kuanzia saa tatu hadi alfajiri, na maji yake yanakuwa tayari asubuhi mgeni anapojiandaa kwa safari. Ndivyo ilivyo na misimu pia. Masika mawingu yanafunika wiki nzima, paneli zinalala, lakini fukuto la Machi na Aprili halimwachi mtu alale bila ya kiyoyozi. Kipupwe kikiingia, Juni na Julai, kusi inavuma na wageni wanafungua madirisha, viyoyozi vinapumzika. Anga limetakata, na paneli zinafanya kazi. Miaka yote hii sijaona mitambo miwili inayofaana hivi, na bado nikiitaja pamoja naulizwa kama nauza nini. Siuzi.

Hesabu yake ni hii. Chumba cha wageni wawili tukikipa lita 100 za maji ya moto kwa siku, kuyatoa nyuzi 27 na kuyafikisha 55, kunataka uniti 3 na robo hivi. Kiyoyozi cha chumba hicho kikifanya kazi kwa muda wa saa nane, tena tuseme nusu ya nguvu zake, kinamwaga nje joto la uniti 18. Tukichukua sehemu moja tu kati ya tano ya joto hilo, ule moto wa mwanzo wa gesi inapotoka kwenye kompresa, tunapata uniti 3 na nusu, na zaidi kidogo. Yametosha maji ya chumba kizima kabla jua halijachangia hata tone.

Ninao waraka mfupi wa tahadhari kwa mafundi wenzangu, na naomba Mhariri usiukate. Msifanye kazi hii kwa kubahatisha kwenye split ndogo za siku hizi, zile za mashine moja ndani na moja nje. Gesi ya R32 inashika moto, si kama R22 tuliyoizoea, na mashine zake za inverter, zinazobadilisha zenyewe mwendo wa kompresa, zina akili yake. Ukikata bomba umeharibu na dhamana umepoteza. Anzeni na mashine kubwa: vyumba vya baridi, barafu, mitambo ya kati ya kupoza jengo zima. Msiachie gesi hewani. Nchi zilikubaliana Montreal mwaka 1987, zikakutana tena Kigali mwaka 2016, kwa sababu gesi hizi, zile za zamani kwa kutoboa tabaka la ozoni na hizi zilizofuata kwa kuongeza joto la dunia, zina madhara kuliko wanavyodhani wanaozifungulia zikavuma uchochoroni. Na maji ya tangini yasiachwe vuguvugu. Kuna vijidudu vinaitwa Legionella, vinastawi kwenye maji ya uvuguvugu, vinaingia kifuani kwa matone madogo ya shawa na kuleta homa kali ya mapafu. Tangi lifikishwe nyuzi 60, na kama jua na gesi havikufikisha, hapo ndipo hita ya umeme iwashwe imalizie. Hiyo ndiyo kazi yake halali, kumalizia.

Msomaji mwenzangu alitaka kodi. Mimi nataka mchoro. Kazi hii ikifanywa jengo likiwa kwenye karatasi, ni mabomba mawili ya ziada ukutani, ni mashine za nje kupangwa pamoja nyuma ya dobi badala ya kutawanywa kila dirisha, ni paa la jiko kuelekezwa kaskazini. Ikifanywa baada ya jengo kusimama, ni kuvunja kuta za mawe na kufunga vyumba, na hakuna mwenye hoteli atakayekubali. Kwa hivyo naomba wanaopokea michoro ya wawekezaji waongeze swali moja: maji ya moto yatatoka wapi, na joto la viyoyozi litakwenda wapi? Yajibiwe yote mawili kwenye ukurasa mmoja. Kwa Mji Mkongwe, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na si kila paa linaruhusiwa kuwekwa paneli ikaonekana, swali la pili ndilo zito zaidi. Huku joto la mashine ndilo jua letu, na kila tunachokikamata tangini ni kile ambacho wazee hawapulizwi nacho.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Barbados ni kisiwa, kidogo kuliko Unguja, kina jua kama letu, kina watalii kama sisi, na nishati yake ilikuwa ikiletwa kwa meli. Mwaka 1974 serikali yao iliwapunguzia ushuru watengenezaji wa mitambo ya kupasha maji kwa jua, baadaye wakawapunguzia kodi wenye nyumba wanaoifunga. Viwanda vikaanzishwa pale pale kisiwani, na leo makumi ya maelfu ya nyumba zao zina tangi juu ya paa. Hawakungoja waya wao ukatike. Sisi wetu umekatika mara mbili, ukaja mpya wa megawati 100 mwaka 2013, na tangu siku ile tunajenga kana kwamba waya ule hauna mwisho.

Nawaomba pia walimu wa Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, Mbweni. Vijana wenu wa majokofu wanasoma chumba kimoja na wa mabomba wanasoma chumba cha pili. Wakija kazini, wa majokofu hagusi maji na wa mabomba hagusi gesi, na koili kama ile yangu haina mwenyewe. Wakutanisheni hata muhula mmoja.

Tangi la lita 500 bado linafanya kazi. Koili imebadilishwa mara moja, fimbo za magnesiamu mara nyingi, na mama yule wa dobi amestaafu kabla yangu. Mchoro wake ninao kwenye daftari, pamoja na vipimo vya jaribio la kwanza lililoharibika. Fundi kijana anayeutaka aje na kalamu Mkunazini, baada ya Alasiri. Siku hizi wazee wamehamia baraza ya upande wa pili wa msikiti, na mimi nakaa nao.

Wako,
Fundi wa viyoyozi na majokofu,
Mkunazini, Unguja